Amplifaya Ndogo ya Safari: Mwongozo kwa Mpiga Gitaa wa Pwani

Mpiga gitaa wa bendi ya hoteli ana saa zake mwenyewe. Wageni wanapokwenda kulala ndipo anaposhuka jukwaani, na wanapoota jua asubuhi yeye bado amejifunika shuka. Nafasi ya mazoezi ni ile inayobaki katikati: mchana kwenye chumba cha wafanyakazi chenye vitanda vinne, au usiku wa manane mwenzake akikoroma kitanda cha pili. Gitaa la umeme lisipochomekwa popote halina sauti ya maana. Amplifaya kubwa ni mali ya hoteli, imefungiwa stoo, na ufunguo anao mtu mwingine.

Hali hiyo si ya hotelini peke yake. Kuna anayevuka Mokowe kwenda kupiga harusi Lamu, anayepanda treni ya Mombasa kwenda kurekodi Nairobi, na anayesaini mkataba wa miezi sita kwenda Dubai, Muscat au Doha. Riziki ya muziki wa Pwani ni ya mwendo tangu zamani. Them Mushrooms, bendi iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1972, ilijijengea jina kwa kuwapigia watalii hotelini kabla ya kujulikana nje ya nchi.

Vidole, lakini, havijali kwamba uko safarini. Ukiviacha wiki tatu bila kazi, siku ya kurudi jukwaani vitakuaibisha mbele za watu, na mwenye hoteli hatakusikiliza ukimweleza habari za chumba cha vitanda vinne. Ndiyo maana amplifaya ndogo ya safari si kitu cha anasa kwa mtu anayekula kwa gitaa. Ni kifaa cha kazi, na kifaa cha kazi huchaguliwa kwa akili.

Wengi wanakosea pale pale mwanzo: wanauliza wati ngapi. Swali la kwanza ni jingine. Utalala wapi, umeme utaupata wapi, na muziki unaoupiga unataka sauti ya namna gani? Ukijibu hayo matatu, wati zitajijibu zenyewe.

Tatizo la zamani

Wapiga gitaa wanahangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1973 ilitoka Marekani amplifaya ndogo iitwayo Pignose, yenye spika ya inchi 5, nguvu ya wati 5 na betri 6 za kawaida. Wanamuziki wakubwa waliinunua ili wapige kwenye vyumba vya hoteli na ndani ya mabasi ya ziara. Mwaka 1982 Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston ambaye pia ni mhandisi, alitoa Rockman, kiboksi cha kuvaa kiunoni ambacho sauti yake ilitoka kwenye hedifoni tu. Vifaa vyote vinavyouzwa leo kwa ajili ya safari ni watoto wa hao wawili: ama vina spika ndogo na betri, ama havina spika kabisa.

Aina zilizoko sokoni

Aina ya kwanza ni ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, bila waya. Unachomeka hedifoni upande wa pili, basi. Vox amPlug ni ya aina hii. Hutumia betri 2 ndogo za AAA na huingia mfukoni mwa shati. Fender Mustang Micro, iliyotoka mwaka 2021, ni ya aina hiyo hiyo, ila ina betri ya ndani inayochajiwa kwa waya wa USB-C kama simu, na ina sauti nyingi za kuchagua. Uzuri wake ni wepesi na ukimya. Upungufu wake ni kwamba huwezi kumsikilizisha mwenzako bila kumvua wewe hedifoni na kumvisha yeye, wala huwezi kufanya mazoezi ya pamoja na mwimbaji.

Aina ya pili ni kiboksi kidogo chenye spika na betri za kawaida za AA. Hapa wako Blackstar Fly 3, ya wati 3 na spika ya inchi 3. Roland Micro Cube GX, ya wati 3 na spika ya inchi 5. Na Boss Katana Mini, ya wati 7 na spika ya inchi 4. Fly 3 haifiki kilo moja. Katana Mini ni kilo moja na kidogo. Micro Cube GX ni kilo 2.7, na hapo mtu anaanza kuusikia mzigo begani.

Aina ya tatu ni kiboksi chenye betri ya ndani ya kuchaji, kinachoongozwa na programu ya simu. Positive Grid Spark GO ina wati 5 na uzito wa gramu 350 hivi. Hizi hufanya mambo mengi: zinapiga ngoma za kukusindikiza, zinacheza nyimbo kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, na zinakuwezesha kujirekodi. Ila soma jina kwa makini kabla ya kununua, maana ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kutofautiana. Yamaha THR10II haina betri. THR10II Wireless inayo. Kwa macho zinafanana.

Aina ya nne ni simu yako mwenyewe, pamoja na kiunganishi kidogo cha kuingizia gitaa na programu ya kutengeneza sauti. Ni njia rahisi kwa aliye na simu nzuri. Lakini simu nyingi za Android za bei ya chini huchelewesha sauti: unagusa uzi sasa, unausikia baadaye kidogo. Jaribu kwanza kwa simu yako yenyewe, si kwa simu ya muuzaji.

Gitaa kavu la nyuzi za chuma au nailoni halihitaji lolote kati ya hayo kwa mazoezi ya chumbani. Mbao zake zinatosha. Ukitaka amplifaya kwa ajili yake, au kwa udi uliotiwa kinasa sauti, tafuta yenye sehemu maalumu ya gitaa kavu. Amplifaya ya gitaa la umeme imetengenezwa ili ibadilishe sauti, na gitaa kavu likipita humo hutoka limebanwa puani.

Wati, spika na sauti safi

Sikio halihesabu kama mita ya umeme. Ukiongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 5 hadi 10, kinachoongezeka ni desibeli 3 tu. Mtu ataona tofauti, lakini hatashtuka. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, nguvu inatakiwa kuongezeka takriban mara 10. Kwa hiyo usimlipe muuzaji pesa nyingi kwa sababu hii ni wati 7 na ile ni wati 5. Chumbani zote mbili zitamwamsha jirani.

Wati zina kazi nyingine, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa Pwani. Magitaa ya chakacha, ya taarabu na ya rumba hutaka sauti safi: kila noti isimame peke yake, ing'ae, isikwaruze. Amplifaya ya wati 1 ukiikaza ili isikike juu ya feni, inashindwa. Sauti inaanza kukwaruza hata kama hukutaka. Kwa mpiga roki hilo si neno, pengine ndilo analolitafuta. Kwa mtu anayejizoeza vifungu vya chakacha vinavyokwenda mbio, mkwaruzo huo ni adui, kwa sababu unaficha makosa. Noti uliyoigusa vibaya na uliyoigusa vizuri zote hutoka na ukungu ule ule, na wewe unadhani umeshaiva.

Basi, ukienda dukani, jaribu hivi. Punguza kabisa kitufe cha kukwaruzisha sauti, ambacho wanabendi huita geini. Pandisha kitufe cha sauti hadi kiwango ambacho utapigia chumbani. Piga uzi mnene kwa nguvu, kisha piga akodi nzima kwa mkono mzito. Ikibaki safi, hiyo inakufaa. Ikianza kukoroma, ama tafuta yenye wati zaidi, ama ukubali kwamba utaitumia kwa hedifoni. Hedifoni huhitaji nguvu ndogo sana, hivyo hata kifaa kidogo huweza kuisukuma bila kuhema.

Spika nayo ina mipaka yake. Uzi mnene wa gitaa, ukitiuniwa kwa kawaida, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Spika ya inchi 3 haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa mtetemo wa chini hivyo. Unachosikia ni mitetemo ya juu inayoandamana nao, na ubongo unajaza pengo. Kwa gitaa la solo hutaona shida kubwa. Kwa gitaa la besi, ambalo uzi wake wa chini kabisa ni mara 41 kwa sekunde, spika hizi hazifai kitu. Mpiga besi wa safarini na anunue ya hedifoni na apumzike.

Umeme: pale pesa zinapoungua

Mimi binafsi somo hili nililipia. Niliwahi kununua amplifaya ndogo ya mtumba iliyoletwa kutoka Marekani. Muuzaji aliniambia inahitaji kibadilisha plagi tu. Nilifika Malindi jioni, harusi ilikuwa kesho yake, nikachomeka kwenye chumba cha gesti. Haikuchukua hata dakika. Kwanza ilivuma, kisha nikasikia harufu, kisha moshi mwembamba ukatoka kwa nyuma. Nilifanya mazoezi usiku ule kwa kuegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati ili nisikie walau kitu.

Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa la muuzaji, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kifaa chenyewe na sikulisoma. Umeme wa Kenya ni volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Kibadilisha plagi hubadilisha umbo la miguu, hakibadilishi volti. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 120 pekee ukikichomeka hapa unakipa maradufu ya inachostahili.

Kwa hiyo geuza adapta uisome. Baada ya neno INPUT tafuta tarakimu. Ikiwa imeandikwa 100-240V, 50/60Hz, adapta hiyo itafanya kazi Mombasa, Muscat, London na Chicago. Utahitaji umbo la plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, iache dukani, au ununue adapta nyingine inayofaa kabla hujaigusa soketi.

Kuhusu plagi, anayekwenda Ghuba ana nafuu. Falme za Kiarabu, Oman na Qatar hutumia plagi ya miguu mitatu ya bapa kama yetu, na hata Zanzibar na Dar es Salaam utaikuta. Anayekwenda Ujerumani au Ufaransa atahitaji ya miguu miwili ya mviringo.

Ukilazimika kununua adapta mpya, angalia mambo matatu upande wa OUTPUT. La kwanza ni volti: lazima ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye amplifaya. La pili ni ampea: ziwe sawa au zaidi, zisipungue. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Unaonyesha kama katikati ya kichomeko ni chanya au hasi. Vifaa vingi vya gitaa vinavyotumia volti 9 huwa na hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za redio na modemu. Ukigeuza, kifaa kinaweza kufa papo hapo.

Jambo jingine: chaja za bei ya chini huingiza mvumo kwenye sauti, na nyingine humfanya mtu ahisi kama anatekenywa akigusa nyuzi. Ukikutana na hayo, chomoa chaja upige kwa betri. Mvumo ukikoma, mwenye kosa umemjua. Na simu iondoe karibu na gitaa, kwani mlio ule wa kukatakata unaosikia kabla simu haijaita ni mawimbi yake yanayonaswa na sumaku za gitaa.

Hesabu ya betri

Bei ya dukani ni nusu ya bei. Nusu nyingine utailipa kidogo kidogo kwenye kioski cha betri. Rahisi ghali.

Tuchukue mifano miwili. Watengenezaji wanasema Boss Katana Mini hufanya kazi kwa takriban saa 7 kwa betri 6 za alkali, na Roland Micro Cube GX kwa takriban saa 25 kwa idadi ile ile. Ukifanya mazoezi saa moja kila siku, ya kwanza itataka seti mpya kila wiki, yaani betri 24 hivi kwa mwezi. Ya pili itakaribia kumaliza mwezi kwa seti moja. Zidisha mwenyewe kwa bei ya betri pale unapoishi, halafu zidisha kwa miezi ya mkataba. Huenda ukakuta kwamba kifaa kilichoonekana ghali ndicho nafuu.

Betri zile za bei ya chini kabisa zisizokuwa za alkali huisha upesi zaidi, na zikichoka huvuja. Betri za AA za kuchajisha ni njia nzuri kwa anayesafiri sana. Ila jua kwamba kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo 6 zinatoa volti 7.2 badala ya 9. Amplifaya nyingi hazijali, lakini soma kijitabu chake kwanza.

Kifaa chenye betri ya ndani hakikusumbui kioskini, na kinaweza kuchajiwa kwa chaja ya simu, pawabanki au sola ya nyumbani. Kwa anayekwenda visiwani ambako umeme hukatika, hilo ni jambo kubwa. Lakini betri hiyo nayo ina umri; baada ya kuchajiwa mara mamia kadhaa uwezo wake hupungua, na kuibadilisha ni kazi ya fundi. Betri za AA zikichoka unazitupa na kununua nyingine, na kifaa kinaendelea kuishi.

Ukipanda ndege, betri za lithiamu za akiba na pawabanki hazitakiwi kwenye mzigo wa chini, zibebe mkononi. Kiwango cha kawaida kinachoruhusiwa bila kuomba idhini ni wati-saa 100. Pawabanki ya miliampea 20,000 ina wati-saa 74 hivi, kwa hiyo inapita, lakini hakikisha namba zake zinasomeka. Baadhi ya mashirika ya ndege siku hizi yanakataza kuitumia pawabanki angani, hivyo jaza kifaa chako kabla hujaondoka.

Hedifoni, na kosa la Bluetooth

Wengi wananunua hedifoni za Bluetooth wakidhani zitafaa. Kwa kusikiliza nyimbo zinafaa. Kwa kupiga gitaa hazifai, kwa sababu sauti huchelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaonekana kidogo kwenye maandishi. Ukipiga utaona: mkono unakimbia mbele, sikio linabaki nyuma, na mdundo unavunjika. Sauti angani huchukua takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 150 ni kama kupiga huku amplifaya yako iko mita 50 mbali.

Nunua hedifoni za waya. Bluetooth iliyomo ndani ya amplifaya ni ya kuleta wimbo kutoka kwenye simu ili uupigie juu yake, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana: wimbo ukichelewa kidogo hauna neno, maana wewe ndiye unayeufuata.

Hedifoni zina hatari yake. Usiku ukiwa peke yako hakuna wa kukwambia punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda wa salama unavyopungua upesi. Mpiga gitaa ambaye kila usiku amesimama mbele ya spika za jukwaani tayari ametumia fungu lake. Anza na sauti chini kabisa, ipandishe mpaka usikie vizuri, na ishia hapo. Masikio yakilia baada ya mazoezi, umezidisha.

Chumvi ya bahari

Kijitabu cha kifaa hakimjui mtu anayelala hatua mia kutoka baharini. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na adui hao hupenda sehemu tatu: vishikio vya betri, tundu la kuchomeka gitaa, na vitufe vya kuzungusha.

Usiache betri ndani ya kifaa ambacho hutakitumia kwa wiki mbili. Futa ncha ya waya wa gitaa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuichomeka. Vitufe vikianza kukwaruza sauti unapovizungusha, vizungushe mara kadhaa huku kifaa kimezimwa. Ikishindikana, fundi wa redio ana dawa ya kupuliza. Vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, viweke ndani ya mfuko wa amplifaya.

Kwenye mashua, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, ndipo ukitie begini. Rashasha moja ya wimbi inatosha. Na usikiache ndani ya gari lililofungwa vioo juani, hasa chenye betri ya lithiamu.

Kabla ya kutoa pesa

Nenda na gitaa lako, waya wako na hedifoni zako. Kifaa kizuri kwa gitaa la muuzaji si lazima kiwe kizuri kwa lako.

Kwa cha mtumba, fungua mlango wa betri kwanza. Ukiona kutu ya kijani au unga mweupe, betri ziliwahi kuvuja humo. Nusa matundu ya nyuma. Harufu ya kuungua haifichiki. Tikisa waya taratibu ukiwa umechomeka: sauti ikikatika, tundu limelegea. Piga dakika 20 kwa betri peke yake, bila chaja, hasa kama betri ni ya ndani. Soma adapta, na kama adapta haipo, jua utakapoipata kabla ya kukubaliana bei.

Kwa kipya chenye programu ya simu, pakua programu hiyo hapo hapo dukani uone kama simu yako inaikubali. Uliza pia kama kifaa kinapiga bila programu, kwa sababu ipo siku simu itaibiwa au itakosa chaji.

Nani achukue ipi

Anayelala chumba kimoja na wenzake, hotelini au Ghuba, achukue ya kuchomeka kwenye gitaa pamoja na hedifoni za waya. Hakuna ugomvi, hakuna mzigo, na ataweza kufanya mazoezi saa nane za usiku bila mtu kujua.

Anayesafiri na mwimbaji au mpiga ngoma, na anayehitaji kufundishana nyimbo mchana, achukue kiboksi chenye spika cha wati 3 hadi 7 ambacho pia kina tundu la hedifoni. Bila tundu hilo asikinunue. Vingi kati ya hivyo vinaweza pia kuunganishwa kupitia tundu hilo na mashine ya kuchanganyia sauti ya ukumbini, na siku amplifaya ya hoteli itakapoharibika utashukuru.

Anayekwenda sehemu zenye umeme wa shida achague kati ya betri za AA zinazodumu na betri ya ndani yenye pawabanki, kwa hesabu ya kioski tuliyoifanya. Na anayeanza kujifunza asitumie pesa za kodi ya nyumba. Kifaa cha betri mbili za AAA kitamtosha mwaka mzima.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji atakwambia kilo tatu si kitu, lakini yeye hatakuwepo utakapokuwa umesimama kwenye kivuko cha Likoni na gitaa mgongoni, begi la nguo mkono mmoja na amplifaya mkono wa pili. Kifaa kizito kitaachwa nyumbani safari ya tatu, na kikishaachwa nyumbani hakina tena kazi. Nunua kile utakachokibeba kila mara, kitakachopiga kwa umeme utakaoukuta, na kitakachokupa sauti safi ya kutosha kusikia makosa yako mwenyewe.